Kilo Zangu Mia na Tisa

Jumatatu, saa nne asubuhi. Jua limewaka Bellevue yote, anga buluu tupu, utadhani siyo hii iliyotumwagia mawe ya barafu juzi Jumamosi. Sijaenda kazini. Mdomo umevimba upande mmoja, jino la mbele halipo, kichwa kinauma pale aliponing'oa rasta. Nachapa kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, kwa hiyo mnivumilie.

Nina hasira. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyenipigia simu tangu juzi anataka kusikia kwamba nalia. Silii. Nimejaribu, machozi hayaji. Ninachokitaka ni kuvunja kitu.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwanamke wa Morogoro, miaka arobaini na mitatu, na huu ni mwaka wa ishirini na moja nipo Joburg. Niliolewa na mtoto wa wakimbizi wa siasa wa huku Afrika Kusini. Alizaliwa kwetu, akala ugali wetu, akacheza mpira na kaka zangu. Nchi yao ilipopata uhuru wakarudi kwao, na alipokuwa mtu mzima akaja kunichukua. Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha wajomba zangu. Nalisema hilo ili mjue kwamba miaka yote aliyonitukana, alinitukana kwa lugha niliyonyonya nayo ziwa la mama.

Humu huwa namwita Baba Lindi, kwa sababu ya binti yetu Lindiwe ambaye sasa yuko chuo Durban. Nimejaribu kumwita kwa majina mengine yanayomfaa zaidi. Mkono unakataa.

Miezi minane iliyopita nilitoka nyumbani kwake asubuhi, yeye akiwa kazini, nikiwa na mabegi mawili na kidole kilichovunjika. Nikapata chumba hapa Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba tisa. Jikoni tunachangia, friji tunachangia, choo tunachangia. Chumba cha jirani anakaa Mama Nadine, Mrundi, anauza samaki wakavu na sombe, kisamvu chetu. Kinu chake kinaanza kusikika mapema kuliko saa yangu ya kuamkia. Ndugu wa Baba Lindi waliambiwa nimerudi Tanzania. Kazini Braamfontein, ninakosimamia wasafishaji wa jengo moja la ofisi, niliomba jina langu litolewe kwenye ubao wa mapokezi. Nilikuwa nimejificha, na nilijificha vizuri.

Halafu nikajitoa mwenyewe kwa ajili ya dawa ya kupunguza unene.

Sijawahi kuliandika hili hapa kwa sababu nilikuwa naona aibu. Mnaonifahamu mnajua mimi ni mtu mkubwa. Nilikuwa kilo mia na kumi na nane. Presha ilikuwa juu, goti la kulia lilikuwa linalia kila nikipanda basi, na kazini kuna ngazi ghorofa sita pale lifti inapogoma, na inagoma kila wiki. Mwenzangu mmoja akanionyesha huduma ya daktari wa kwenye simu. Hupangi foleni, huvui nguo mbele ya mtu. Unawasha kamera, daktari anakuuliza maswali, unapanda mizani mbele yake, basi. Nilifanyia mazungumzo yangu kwenye stoo ya mafagio wakati wa chakula cha mchana, simu nimeiegemeza kwenye kopo la dawa ya sakafu, mizani nimeibeba kwenye mfuko wa sokoni. Daktari ni msichana mdogo, mpole, hakucheka hata mara moja. Alisema kuna sindano ya kalamu, unajidunga tumboni mara moja kwa wiki.

Nikauliza bei.

Jamani. Kalamu moja ya mwezi mmoja ilikuwa inazidi kodi ya chumba changu. Nikamwambia asante dada, Mungu akubariki, tuachane tu. Akaniuliza kama nina bima ya afya. Nikataka kusema sina, maana kazi yangu ni ya mkataba na mwajiri hatukatii bima. Lakini kwenye pochi nilikuwa bado na kadi ya Baba Lindi. Yeye ni mwanachama mkuu, mimi ni mtegemezi wake. Ndivyo ilivyoandikwa, mtegemezi. Nilikuwa na hakika amenifuta siku ile ile niliyoondoka. Daktari akaingiza namba, akatabasamu. Ilikuwa hai.

Sasa bima hizi hazilipii dawa ya unene kwa mtu anayetaka kupendeza. Ukiwa na kisukari wanalipa, ukiwa huna wanakuambia ukimbie mbio. Yule binti akaniandikia barua ndefu: presha, goti, uzito, dawa nyingine nilizojaribu. Walikataa mara ya kwanza. Akaandika tena. Mara ya pili wakakubali miezi sita kwa sharti kwamba kila mwezi nipime mbele ya kamera na nionekane nimepungua angalau kilo mbili. Mwezi nitakaoshindwa, wanafunga.

Nilifurahi kama mtoto. Nilijua ni bima yake, nikajiambia ni haki yangu kwa miaka ishirini ya kumfulia. Na kila nilipochukua dawa duka la Braamfontein, meseji ya bima iliingia kwenye simu yangu. Nikajua basi, bima inaongea na mimi. Haikunijia akilini hata siku moja kwamba meseji ile ile inaingia pia kwenye simu yake.

Ujinga wangu wote uko hapo.

Mara nne nimechukua dawa, mara nne amepata meseji. Jina la duka, mtaa, saa. Nimekuja kujua jana, kwa mmoja wa walionipigia simu, kwamba Jumamosi mbili alikwenda akasimama ng'ambo ya lile duka, karibu na robot, zile taa za barabarani, anasubiri nitokee. Sikutokea kwa sababu mimi nachukua dawa siku za kazi, saa ya mapumziko. Mara mbili nimepona bila kujua.

Mwezi huu duka likaishiwa. Dawa hizi zinagombaniwa mji mzima. Wale wa huduma ya simu wakasema hakuna shida, tutakuletea mpaka nyumbani, Jumamosi, kati ya saa sita na saa tisa. Ila kwa kuwa ni dawa ya baridi, haiachwi getini wala kwa jirani, lazima mpokeaji mwenyewe atoke na kitambulisho asaini. Wakaniomba anwani. Nikawapa mpaka rangi ya geti.

Jumamosi nilikuwa chumbani nimevaa kanga na fulana. Mawingu yalikuja ghafla kama kawaida ya hapa, mawe ya barafu yakamwagika dakika kumi, makubwa kama karanga, uwanja wote ukawa mweupe. Yalipokatika tu nikasikia geti linagongwa. Mtu akaita, sauti akiwa ameibana:

"Dawa ya Rehema!"

Nikakimbia, wallahi nikakimbia, kitambulisho mkononi, nikiwaza dawa isipate joto. Nikafungua komeo kabla sijaangalia ni nani.

Baba Lindi alinishika rasta akanibamiza uso kwenye chuma cha geti. Jino lilitoka hapo hapo, nililimeza. Alikuwa na simu mkono mwingine na ananisomea ile meseji, anasoma kwa sauti huku ananivuta, mpendwa mwanachama, dawa ya mtegemezi wako itafikishwa leo, mtaa fulani, namba fulani. Alikuwa amefurahi. Hilo ndilo nisiloweza kulitoa kichwani, kwamba alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda mchezo. Akaniuliza kama ni kweli hela yake ndiyo inayonikondesha ili nimpendezee mwanamume mwingine. Akanipiga ngumi ya sikio. Nikaanguka magoti kwenye barafu, lile goti bovu. Akanipiga teke mgongoni. Akainama kunishika rasta tena aniburute nje, na gari nililiona, mlango uko wazi.

Nilijua kabisa kwamba nikiingia kwenye lile gari nimekwisha.

Nikaibana miguu yake kwa mikono yote miwili. Yeye amevaa viatu vya ofisini, soli laini, na chini ni barafu tupu. Akateleza. Akaanguka chali, kichwa kikagonga saruji, na mimi nikamwangukia juu. Kufikia hapo ilikuwa bahati tu. Alijaribu kunisukuma, akanikwangua shingo, akanitia kidole jichoni.

Nikamkalia.

Nilijiinua nikamgeukia vizuri, nikamkalia kifuani kwa kilo zangu mia na tisa. Kwa miguu yangu nikaibana mikono yake. Akafurukuta, hakwenda popote. Mtu huyu miaka mingapi ameniita gunia, ameniita lori, ameniambia kitanda kinalia kwa sababu yangu, mbele ya wageni anauliza kama kiti kitanivumilia. Nikamwangalia usoni kutoka juu. Damu yangu ilikuwa inamdondokea kwenye shati na nikaiacha idondoke.

Mkono wake mmoja ukachomoka ukaanza kupapasa tofali lililo kando ya ua. Mimi sikuliona. Mama Nadine ndiye aliyeliona. Alikuwa ametoka na mchi wake, majani ya sombe bado yameuganda. Aliushusha ule mchi kwenye kiwiko chake mara moja, nikasikia mlio, na Baba Lindi akalia. Nimekaa na mtu huyo miaka ishirini na sijawahi kumsikia analia.

"Usisimame," Mama Nadine akaniambia. "Alors, basi, polisi wamepigiwa simu. Wewe kaa."

Nikakaa. Vyumba vyote tisa vikawa vimetoka nje, watu wamesimama kwenye barafu na ndala zao. Mkongo mmoja wa chumba cha mbele akasema tumwachie, ni mume wangu, mambo ya ndani yazungumzwe ndani. Mama Nadine akamgeukia na mchi, yule Mkongo akarudi ndani kwake.

Na hapo ndipo pikipiki ya dawa ilipofika.

Kijana wa watu wa mizigo, kofia kichwani, boksi la baridi mgongoni. Geti liko wazi. Akaingia, akatuona, akasema eish, akasimama. Nilidhani ataondoka. Akaangalia karatasi yake, akauliza Rehema ni nani. Nikanyoosha mkono. Akasema samahani sana mama, lakini ni dawa ya baridi, lazima mpokeaji mwenyewe asaini. Nikamwambia nisaini wapi. Akachuchumaa kando yetu kwa adabu kabisa, akanipa simu yake, nikasaini kwa kidole chenye damu. Akaomba kitambulisho. Kilikuwa kimeangukia kwenye barafu, Mama Nadine akakiokota. Kijana akalinganisha picha na uso wangu ulivyokuwa wakati huo, akafikiri kidogo, akasema sawa.

Sekunde chache baadaye kitu kikatetemeka chini ya paja langu. Simu ya Baba Lindi, ilikuwa imemwangukia ubavuni. Mama Nadine akaichomoa, akanionyesha kioo. Mpendwa mwanachama, dawa ya mtegemezi wako imepokelewa.

Nikacheka. Damu ikanitoka puani nikiwa nacheka, watu wakaniona kichaa. Hapo ndipo nilipoelewa alinipata kwa njia gani. Kabla ya hapo sikuwa hata na muda wa kujiuliza.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo sikuwaambia polisi.

Waliandika kwamba nilimkalia kumzuia, na kwamba nilipojaribu kuinuka niliteleza nikamwangukia tena, ndipo mbavu zake mbili zilipopata ufa. Ndivyo nilivyowaambia. Mama Nadine akathibitisha, na watu wengine watatu wakathibitisha.

Sikuteleza.

Aliniambia kwa sauti ndogo, ya pumzi chache, "Rehema, nakufa." Nikamwambia, "Bado." Nikajiinua taratibu, kiasi cha shibiri moja, nikahakikisha ananiona ninavyojiinua. Halafu nikajiachia. Kitu kikalia ndani yake. Nikajiinua tena. Nilikuwa nataka afe, sitaki kujidanganya humu ninakojisemea ukweli. Nilikuwa naona raha iliyopanda mpaka kwenye meno, na ningeshuka mara ya pili, na ya tatu, kama Mama Nadine asingenishika kwapa akaninong'oneza kwamba Lindi ana baba mmoja tu. Nilimchukia Mama Nadine wakati ule. Nikashuka polepole, nikakaa kawaida, nikasubiri polisi karibu saa nzima na nusu. Barafu ikayeyuka yote, kanga yangu ikalowa, na yeye chini yangu akawa anatetemeka kwa baridi. Hakuna aliyemfunika.

Naandika haya kwa Kiswahili na kwenye kituo kile cha polisi hakuna anayekisoma. Baba Lindi anakisoma. Na asome.

Polisi walipokuja walimpeleka hospitali kwanza. Hospitali ya kulipia, nzuri, chumba cha peke yake. Kadi ile ile ndiyo imelipia mbavu zake. Mimi nilishonwa mdomo zahanati ya serikali, kwenye benchi, na nesi aliyekuwa amechoka akaniambia nisicheke wiki nzima. Hawajamkamata, kwa sababu yuko wodini na kwa sababu naye amefungua kesi, anadai nilimvamia. Mwanamke wa kilo mia na tisa amemvamia mtu wa watu, amemvizia kwenye geti la nyumba ninayokaa mimi. Afande mmoja alikuwa anaandika huku anajizuia kucheka. Sura yake nimeikariri.

Leo asubuhi nikapiga simu bima. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika kwenye karatasi ninachotaka kusema. Nilitaka nifutwe kwenye kadi yake. Dawa basi, goti basi, nitakuwa mnene mpaka kaburini lakini asipate meseji nyingine inayosema niko wapi. Dada wa bima alinisikiliza vizuri, akasema ananipa pole sana, kisha akasema mtegemezi hawezi kujiondoa. Anayeweza kumwondoa mtegemezi ni mwanachama mkuu peke yake. Nikamwambia mwanachama mkuu ndiye aliyenivunja jino. Akasema anaelewa, mama, lakini mfumo ndivyo ulivyo.

Nikamuuliza basi angalau meseji zisiende kwake. Nikasikia anabonyeza kompyuta.

"Hilo linawezekana," akasema. "Mtegemezi mtu mzima anaweza kuomba taarifa zake ziende kwake mwenyewe tu. Kuna fomu."

Fomu ina ukurasa mmoja. Ipo tangu mwanzo, ipo kwenye kijitabu wanachokutumia ukijiunga, na kijitabu kile alikipokea Baba Lindi na kukifungia kwenye droo yake. Unaandika jina, namba ya simu, unasaini. Wangeniuliza siku ya kwanza. Yule daktari mpole angeniuliza, bima wangeniuliza walipokuwa wanakataa na kukubali na kuniandikia barua za masharti. Walinihoji mpaka choo ninapata mara ngapi. Hakuna mtu aliyeniuliza kama yule anayelipa ni mtu ninayetaka ajue ninapolala.

Nikaitupa simu ukutani. Kioo kimepasuka. Kisha nikaiokota, nikaijaza ile fomu juu ya nyufa, nikaituma. Mchakato ni siku tano za kazi.

Niliacha kuandika hapo; sasa ni mchana, na Lindi ameandika kutoka Durban. Kiswahili anakisikia chote lakini huandika Kiingereza. Aliuliza kama ni kweli nimemkalia baba yake. Shangazi yake ameshampigia. Nilitafuta jibu la mama. Yeye yuko kwenye kadi hiyo hiyo, na ana pumu, na baba yake anaweza kumfuta kwa hasira kabla jua halijazama. Mwishowe nikamwandikia ndiyo. Akanijibu neno moja, "sharp," ile poa ya vijana wa huku, na moyo mwekundu. Sijui maana yake ni nini. Namjua huyu mtoto, aliwahi kulala chini ya kitanda chake mikono masikioni. Nadhani najua maana yake.

Hapo ndipo nilipolia kidogo.

Sasa kuna ile kalamu. Iko kwenye friji ya jikoni, ndani ya kopo la majarini nililoliandika jina langu, mpya kabisa, haijaguswa. Jumatatu ndiyo siku yangu ya kujidunga. Na Jumatano daktari wa kwenye simu atanipigia nipande mizani. Mwezi uliopita nilikuwa mia na kumi, leo asubuhi mia na tisa. Nimebakiza kilo moja na siku mbili. Nikidunga leo sitakula chochote mpaka Jumatano, na kilo hiyo itaondoka, na bima italipa mwezi mwingine. Nisipodunga, wanafunga. Barua ya tatu sijaahidiwa na mtu.

Lakini naijua hii dawa. Kila nikijidunga, siku mbili zinazofuata mimi si mtu. Natapika, miguu inalegea, nikisimama dunia inazunguka. Kesho Jumanne hospitali wanamruhusu Baba Lindi aende nyumbani na dawa za maumivu na mkono mmoja mzima. Alhamisi ndiyo hakimu atasikiliza ombi langu la kumzuia asinikaribie. Kati ya hapo hakuna karatasi yoyote duniani inayomzuia. Rangi ya geti anaijua.

Mama Nadine amenisomesha tangu asubuhi kwamba nihamie kwa dada yake, Turffontein, nipishe upepo. Nimefikiria. Nimehama mara moja tayari, na mabegi mawili. Goti limechoka kuhama.

Jana usiku nilijiangalia kwenye kioo cha bafuni, mapaja haya, tumbo hili, mgongo wenye alama ya kiatu. Miaka yote nimeuchukia mwili huu kwa maneno yake yeye. Sisemi sasa naupenda, nisiwadanganye, goti bado linauma na presha haijui habari za ushujaa wangu. Nitapungua. Nataka kupungua, nataka kupanda zile ghorofa sita bila kusimama njiani. Ila zile kilo tisa nilizokwishazipoteza, nilipokuwa juu yake Jumamosi nilizikumbuka kila moja.

Kwa hiyo Jumatano nitapanda mizani mbele ya yule binti na nitamwambia ukweli, sikudunga, na sababu ni hii, na nitamwonyesha mdomo. Akiweza kuandika barua aandike. Asipoweza, basi bima wafunge.

Mama Nadine amemaliza kutwanga, namsikia anaosha kinu. Mchi ameuegemeza kwenye mlango wangu. Nimemwomba anipikie sombe na ugali, sahani ya mtu mzima. Nitakula na mdomo huu huu wenye nyuzi, tonge ndogo ndogo, mpaka niimalize.

Kalamu inabaki kwenye kopo la majarini mpaka Alhamisi. Mpaka hakimu atakaposaini, sipunguzi hata gramu moja.